Nimenunua karanga, kumbe zimefungwa kwenye daftari la mahakama: tuongee kuhusu mahakama na polisi za zamani kugeuzwa makumbusho

Mtoa mada

Kamwene wakuu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi jioni.

Mwaka juzi nilikuwa stendi ya wilaya moja huku kwetu nyanda za juu, sitaitaja maana sitaki kumchomea mtu. Nikanunua karanga za mia tano, mama akanifungia kwenye karatasi kama kawaida. Nimekula nimemaliza, nataka kutupa, macho yakaona mistari. Sio daftari la shule lile, ni karatasi nzito, ina mistari myekundu ya kushuka, na juu kwa mkono mzuri sana wa zamani kumeandikwa namba ya shauri, jina, kijiji, kosa, hukumu. Wino ulikuwa umeshageuka rangi ya chai. Nikasoma mstari wa kwanza, kosa: kutolipa kodi. Hukumu: Shs 4/- au siku 7. Na pembeni yake dole gumba. Lile dole lilikuwa limetoka vizuri mpaka unaona michirizi ya kidole na kovu dogo limepita katikati, nadhani alijikata na mundu au panga, na doa la mafuta ya karanga zangu lilikuwa limeingia nusu yake.

Nilisimama pale stendi kama mjinga. Nikarudi kwa yule mama nikamuuliza hizi karatasi umetoa wapi, akasema kuna kijana anauza kwa kilo, zilitolewa stoo ya mahakama ya zamani kule juu, bati zilikuwa zinavuja wakasafisha. Nikanunua zote alizobakiwa nazo, kumi na moja. Alinishangaa mana nilimwachia karanga.

Sasa kwanini limeniuma hivi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mkalimani wa mahakama enzi za Mwingereza. Kazi yake ilikuwa mshtakiwa anaongea Kihehe, babu anaigeuza Kiswahili, na mzungu Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya aliyekuwa anasikiliza kesi, anaandika Kiingereza. Babu alikuwa anatuambia kitu ambacho nilikielewa ukubwani, kwamba mtu anaweza kuongea robo saa nzima, analia, anaeleza ng'ombe alivyokufa na mvua zilivyokata, halafu unatazama kalamu ya Bwana Shauri imeandika mstari mmoja. Mimi hicho kibabu changu nilikipenda sana na alikufa mikononi mwangu, na yale maneno yote aliyoyasikia kwa miaka yake yote mahakamani yameenda naye.

Nitaendelea, natafuta chaji.

Mkazi wa Kihesa

Mkuu endelea. Umenikumbusha zamani hata vitumbua vilikuwa vinafungwa na mitihani ya darasa la saba tunasoma majibu ya kaka zetu.

Mtoa mada

Nimerudi.

Miezi michache baada ya hapo nikapata kozi fupi London, wiki sita. Jumamosi moja sina pa kwenda, mwenyeji wangu akaniambia we si unapenda mambo ya mahakama, nenda Bow Street. Nikaenda. Wakuu, lile jengo limekaa mkabala na jumba kubwa la opera, ni la mawe, limejengwa kati ya 1879 na 1881, upande mmoja kituo cha polisi upande mwingine mahakama ya hakimu, yaani unakamatwa mlango huu unahukumiwa mlango ule. Kituo kilifungwa 1992, mahakama ikafungwa 2006, halafu jengo lote likauzwa likawa hoteli ya kifahari, ILA sehemu ya mahabusu wakaiacha wakaifanya makumbusho, ikafunguliwa 2021.

Ni padogo. Nisiwadanganye, ukiwa na haraka unamaliza nusu saa. Lakini unaingia selo yenyewe, ile ile, mlango mzito ule ule wenye kidirisha cha kuchungulia, mlango ukirudishwa nyuma yako mwili unajua wenyewe kwamba hapa sio mahali pa kuigiza. Kuna chumba kikubwa walichokuwa wanakiita tangi, humo ndo walikuwa wanarundikwa walevi wa usiku kucha mpaka asubuhi wapelekwe kwa hakimu. Nikawaza komoni na ulanzi wa kwetu, nikawaza ni wazee wangapi wamelala mahabusu za huku kwa sababu ya kidebe kimoja cha komoni ya mama jirani.

Na kuna kizimba. Kile cha mbao chenyewe kilichotoka mahakamani. Nilikitazama kuliko kitu chochote pale ndani. Pale Bow Street ndo walisimamishwa kina Emmeline Pankhurst na binti yake Christabel mwaka 1908, wale akina mama waliokuwa wanadai wanawake wapige kura. Na ni mahakama hiyo hiyo iliyosikiliza maombi ya kumpeleka Jenerali Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, Hispania akashtakiwe, 1999. Lakini wakubwa hao ni wachache, wengi waliopita pale ni wezi wa mkate, walevi, makahaba, watoto waliochomoa leso mifukoni mwa watu. Na makumbusho inawataja. Hicho ndo kilichonishika. Wamewatafuta na mapolisi wastaafu waliofanya kazi pale wakawahoji, sauti na kumbukumbu zao zimo humo, mmoja anaelezea kazi ya lindo la usiku, mwingine kaunta.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi nikatoa simu nikaangalia picha ya lile dole gumba.

Mwalimu wa Historia

Mtoa mada Mungu akubariki. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa. Naomba niongezee kwa wanaodhani huku kwetu hakuna kitu kabisa. Pale mjini tuna Boma, jengo la Mjerumani, lilijengwa kama hospitali ya jeshi, Mwingereza alipokuja akalifanya ofisi za utawala, na baada ya uhuru likaendelea kuwa ofisi za serikali ya wilaya miaka na miaka. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, chini ya mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Nimepeleka wanafunzi mara nyingi. Wanaona ngao, mikuki, vigoda, vyungu, mavazi, habari za Wahehe na makabila mengine ya mkoa. Kisha nawapeleka Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa, lile lililotajwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 na bado likaja kurudi 1954.

Ila nikubaliane na wewe kwenye jambo moja. Wanafunzi wangu wakitoka wanajua vita vya Lugalo 1891, wanajua Zelewski, kamanda wa Kijerumani, aliuawa, wanajua Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi 1898. Ukiwauliza baada ya 1898 mpaka 1961 watu wa hapa waliishije, kimya. Miaka sitini na tatu. Na ile miaka ndo ya karatasi zako.

Mzalendo Njombe

Samahani mimi nitakuwa tofauti na nyie. Kituo cha polisi cha mkoloni unakitunza ili iweje? Pale babu zetu walilazwa chini wakachapwa viboko. Mjerumani alikuwa anaitwa mtu wa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na hata Mwingereza hakuacha kuchapa kabisa. Bibi yangu mpaka anakufa akipita karibu na lile boma anageuza uso. Leo mnataka tulipake rangi, tuweke taa nzuri, watalii waje wapige selfi pale babu yangu alipovuliwa nguo? Bomoeni wekeni zahanati. Nimesema kwa heshima.

Mtoa mada

Mzalendo sikupingi haraka haraka, ulichosema nimekaa nacho tangu asubuhi ndo nakujibu sasa hivi.

Bibi yako aligeuza uso kwa sababu alijua. Alijua ni chumba gani, alijua mlango gani. Akija mjukuu wa mjukuu wake akapita pale kuna zahanati nzuri ya vigae, hatageuza uso, atapita tu akila mua. Mkoloni ndo atakuwa ameshinda hapo, maana yeye ushahidi wake anao, ripoti zake zote zimehifadhiwa vizuri zimepigwa na chapa. Sisi ushahidi wetu ni ukuta ule na kumbukumbu ya bibi yako.

Na ukitaka mfano wa Waafrika wenzetu uko Kapenguria, Kenya. Zile selo walizofungwa Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Achieng Oneko baada ya kukamatwa Oktoba 1952, hawakuzibomoa, tangu 1993 ni makumbusho. Hakuna aliyezipamba kumsifia Mwingereza. Unaingia kimoja kimoja unaona udogo wake. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela toka 1910 mpaka 1984, leo makumbusho. Na Songea hapo jirani zetu, wale mashujaa wa Maji Maji walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, watu wanaenda kila mwaka kwenye kaburi la pamoja na makumbusho iko pale pale. Ungewaambia Wangoni wapajenge zahanati wangekuelewa?

Sehemu unayosema kweli kabisa ni ya taa nzuri na selfi. Ikija kufanywa kwa namna hiyo ya kuvutia watalii tu halafu yule aliyechapwa hatajwi, mimi mwenyewe nitakuwa upande wako.

Binti Rungwe

Jamani naomba nichangie kutoka Tukuyu. Sisi boma la Mjerumani lipo mpaka leo na bado ni ofisi, enzi zao mji uliitwa Neu-Langenburg. Watu wanaingia pale kila siku kufuata mihuri. Na mimi naona kuna uzuri wake, jengo linalotumika halidondoki, ukilifunga tu popo wanahamia. Kwahiyo sio lazima kila kitu kiwe makumbusho, hata chumba kimoja kinatosha. Chumba kimoja tu, unaweka picha, unaweka hilo daftari, mtu akiwa anasubiri muhuri anasoma.

Alafu mtoa mada swali. Hizo karatasi kumi na moja, wanawake wamo?

Mtoa mada

Dada swali lako limenigusa, ahsante. Nimezihesabu upya usiku huu. Mistari yote iliyobaki inayosomeka ni mia moja na kidogo. Wanawake nimepata tisa. Sita ni pombe, kupika bila kibali. Mmoja "kumtukana jumbe", yaani kiongozi wa kijiji enzi hizo. Wawili ni wa kuacha ndoa, imeandikwa tu "amerudi kwao" na hukumu ni arudi kwa mume au mahari irudishwe. Huyu wa kumtukana jumbe nimempenda bure. Faini yake ilikuwa kubwa kuliko ya walevi wote wa ukurasa ule.

Wanaume kodi ndo nyingi kupita maelezo. Na kuna makosa kama matano yameandikwa "kutoroka kazi". Hapa wadau wadogo mnaweza msielewe. Wanaume wa huku, Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa, walikuwa wanachukuliwa kwa mkataba kwenda mkonge Tanga na Morogoro, ndo wale manamba. Toka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao kabisa cha kuajiri, SILABU. Unapewa kipande, ile kadi ya kazi, siku thelathini za kazi ndo kipande kinajaa unalipwa. Ukiona huwezi ukakimbia, sheria ilikuwa inahesabu hilo ni kosa la jinai, sio kwamba umevunja mkataba mdaiane, hapana, unakamatwa na askari. Kwahiyo mtu ametoka Tanga kwa miguu na malori mpaka kwao, amefika usiku amekumbatia watoto, na siku chache baadaye yuko kizimbani anaulizwa kwanini ulitoroka. Na babu yangu ndo anatafsiri jibu.

Mstaafu

Vijana shikamoo hamtoi siku hizi mnaandika tu. Mimi nilikuwa askari polisi, nimestaafu zamani. Nimefanya kazi vituo kadhaa vya nyanda za juu na viwili vilikuwa majengo ya mkoloni. Niwape vitu ambavyo havipo kwenye vitabu.

Kaunta ya zamani ilikuwa mbao ngumu ya mninga, na upande wa raia ile mbao ilikuwa imeliwa, imebonyea, kwa sababu ya viwiko. Miaka na miaka mtu anakuja kutoa taarifa anaegemea pale pale. Upande wetu wa askari ilikuwa bapa. Sisi tulikuwa tunasimama, hatuegemei, ilikuwa ni kosa.

Mahabusu ilikuwa na tundu dogo juu, Iringa na Makambako baridi ya mwezi wa saba mnaijua, mtu analala sakafu ya saruji. Sisi askari wengine tulikuwa tunawapa magunia. Haikuwa kwenye utaratibu lakini utamwacha mzee anatetemeka? Na ukutani walikuwa wanachora. Ng'ombe, majina, misalaba, mahesabu ya siku kwa kucha. Kila mwaka inakuja chokaa tunapaka juu. Mimi nimepaka chokaa hizo kwa mikono yangu, leo kijana ukiongelea makumbusho najiuliza chini ya ile chokaa kumelala maneno ya watu wangapi.

Nyumbani ninalo rungu langu na taa ya chemli ya lindo. Filimbi pia. Watoto wangu hawajui ni vya nini.

Mwalimu wa Historia

Mzee shikamoo sana. Nimesoma hapo kwenye chokaa nikanyanyuka. Wataalamu wa kuhifadhi majengo huwa wanabandua chokaa tabaka kwa tabaka, taratibu, kwa kisu kidogo, na vilivyochorwa chini vinaonekana tena. Kwahiyo usijilaumu mzee, inawezekana chokaa yako ndo imevitunza.

Wakili wa Mtaani

Naingia kisheria kidogo kwa sababu naona watu wana moyo ila hawajui pa kugonga.

Sheria ya Mambo ya Kale tuliyonayo ni ya 1964, imefanyiwa marekebisho 1979. Jengo linalindwa lenyewe moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya 1863. Sasa fanyeni hesabu, Mjerumani mwenyewe ameingia 1885, na Iringa hii ya leo Tom von Prince, afisa wa jeshi la Mjerumani, ameanzisha kituo chake 1896, Mbeya mji umeanza 1927 wakati wa dhahabu ya Lupa. Maana yake hakuna boma hata moja wala mahakama hata moja ya huku inayolindwa bila kitu cha ziada. Mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze kwenye gazeti la serikali kuwa ni urithi. Bila tangazo, mwenye jengo akitaka kung'oa milango ya mninga aweke alumini anang'oa tu na hajavunja sheria ya mambo ya kale.

Kwahiyo hatua ya kwanza sio fedha. Ni barua. Wananchi, halmashauri, chuo, mtu yeyote mwenye hoja anaweza kuandika kwa idara ya mambo ya kale kuomba jengo litangazwe. Mnataja lilipo, limejengwa na nani, limetumika kwa nini, hali yake, mnaambatanisha picha.

La pili, karatasi. Kumbukumbu za mahakama sio takataka za mtu kuuza kwa kilo, zina utaratibu wake wa kutunzwa na wa kuteketezwa, na zilizofikia umri huo zinastahili kwenda Nyaraka za Taifa, waangalie nini kinabaki. Mtoa mada ulichonacho mkononi ni mali ya umma. Usije ukazigonga fremu ukaweka sebuleni.

Mtoa mada

Wakili nimekuelewa na sikuwa na nia ya sebuleni, nilikuwa nazitunza kwenye bahasha ndani ya Biblia ya babu. Lakini nikiri naogopa. Nikizipeleka, zikaingia kwenye boksi, boksi likaingia kwenye stoo, stoo nayo ikaja kuvuja?

Wakili wa Mtaani

Piga picha zote kwanza, mbele na nyuma, mchana, bila flashi. Kisha unapeleka kwa barua na unapokea barua ya kupokelewa. Mkono kwa mkono bila karatasi ndo vitu vinapotea.

Na usitoe majina hadharani tafadhali. Hao wana wajukuu.

Mkazi wa Kihesa

Mi nina swali la kitoto. Kule London taa za polisi mbona kwenye picha niliyoona mtandaoni ya hiyo Bow Street ni nyeupe na mimi najua polisi taa bluu?

Mtoa mada

Sio la kitoto, na mimi niliuliza. Vituo vya London taa zake za mlangoni huwa bluu. Inasimuliwa kwamba Malkia Victoria alikuwa akienda opera, mkabala hapo, anaiona ile bluu inamkumbusha chumba cha bluu Windsor alichofia mumewe Albert mwaka 1861, basi wakaweka nyeupe. Kama ni kweli au ni hadithi ya kaunta mimi siwezi kuapa, ila nilivyosikia niliwaza, majonzi ya mjane mmoja mwenye taji yamebadilisha taa na mpaka leo yanasimuliwa. Na yule mama yetu aliyetukana jumbe hatujui hata alimwambia nini.

Mzalendo Njombe

Nimerudi. Sijabadilika kabisa ila nimesoma ya mzee mstaafu kuhusu magunia na chokaa.

Nina sharti. Kama mnafanya, basi kwenye chumba cha kwanza kabisa, kabla mtu hajaona kofia ya polisi wala kiti cha hakimu, awekwe yule aliyechapwa. Na maelezo yawe Kihehe, Kibena, Kikinga, Kinyakyusa, halafu Kiswahili, Kiingereza mwisho kabisa. Babu wa mtoa mada alikuwa anapandisha lugha kwenda juu kwa mzungu. Sasa zishuke.

Mtoa mada

Mzalendo umenipa kitu ambacho nilikuwa nakitafuta tangu London sijui nakiitaje. Zishuke. Kabisa.

Na mnajua hata mahakama zenyewe ndo kwanza zinafika huko? Mahakama za mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili siku zote, wazee wa baraza wamekaa, watu wanaelewana. Lakini huko juu hukumu zilikuwa Kiingereza mpaka sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama. Babu angeishi akaona hiyo sijui angesema nini. Nadhani angeuliza kwahiyo wakalimani wamepata kazi gani.

Binti Rungwe

Mzee mstaafu kama upo bado, ile kaunta ya mninga iliyoliwa na viwiko iko wapi sasa?

Mstaafu

Nipo binti yangu. Kituo kilipohamia jengo jipya kaunta iling'olewa, walitaka kuichana iwe mbao za meza. Mimi na mwenzangu tukaiomba. Ipo kanisani kwetu, tunagawia chai juu yake siku za Jumapili. Upande ulioliwa tumeuelekeza kwa waumini vile vile bila kukusudia, nimegundua leo nikiandika hapa.

Mchungaji nikimwambia atakubali, tukimpa meza nyingine.

Mwalimu wa Historia

Wakuu tuache maneno. Mimi nina wanafunzi wa klabu ya historia kama ishirini, wana simu na wana hamu. Wanaweza kuanza kurekodi wazee, kila mwenye bibi au babu aliyewahi kuitwa mahakamani au polisi enzi hizo, wale waliozaliwa miaka ya 30 na 40 wamebaki wachache na wanapungua kila masika. Wakili utusaidie na barua. Mtoa mada uje na picha za karatasi, sio zenyewe. Jumamosi hii saa nne asubuhi, nje ya Boma hapa Iringa mjini. Wa Tukuyu na Njombe basi la asubuhi linawahi.

Wakili wa Mtaani

Nitakuja na rasimu.

Mzalendo Njombe

Nitakuja na shangazi. Ana miaka themanini na tano, alikuwa anampelekea babu chakula mahabusu akiwa mtoto. Tutafutieni kiti cha kuegemea na asikae kwenye upepo.

Mstaafu

Nitaleta rungu na filimbi. Taa ya chemli kioo kimepasuka lakini nitaileta.

Mtoa mada

Wakuu nimeshapiga picha zote ishirini na mbili, mbele na nyuma. Nyuma ya ile ya kwanza, ya karanga, kumbe kuna maneno sikuwa nimeyaona, penseli, yamefifia sana, mkono tofauti na wa daftari. Limeandikwa neno moja la Kihehe halafu mshale, halafu Kiswahili chake, halafu mshale, halafu imekatwa. Kama mtu alikuwa anatafuta Kiingereza chake akakosa.

Sijui kama ni mkono wa babu. Shangazi yangu anazo barua zake mbili, nampigia sasa hivi azitoe nilinganishe, Jumamosi nitakuja nazo.